Ndege Miwani na Mtani Wetu

Watu wakisikia nafuga ndege, swali la kwanza ni kama wanataga. Nikisema wanataga, wanauliza mayai yana ukubwa gani. Nikiwaonyesha ncha ya kidole changu cha mwisho, wananitazama kwa huruma. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini hapa Morogoro, na wengi wa hao wanaonihurumia niliwafundisha mimi, kwa hiyo najua vizuri uwezo wao wa kufikiri unakoishia. Huwa nawakaribisha chai, nabadilisha mazungumzo.

Ndege wenyewe wanaitwa vinengenenge. Jina hilo nililiona kitabuni, na hapa Bigwa sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Mama yangu aliwaita ndege miwani, kwa sababu ya duara jeupe linalozunguka kila jicho, na mtaa mzima ukafuata. Ni wadogo, kijani mgongoni na manjano tumboni, hawajui kutulia, na wakianza kuimba asubuhi hakuna wa kuwanyamazisha. Niliachiwa na mwalimu mwenzangu wa sayansi aliyehamishiwa mkoa mwingine. Alinipa jozi mbili, kibali chenye mihuri mitatu, na maelekezo ya mdomo ambayo niliyasahau kabla basi lake halijatoka stendi ya Msamvu.

Nikawajengea banda nyuma ya nyumba, nikazungushia waya wa matundu madogo pale palipokuwa na mndimu, mpera ukabaki nje. Fundi aliuliza ni kuku wangapi. Nikamwambia ni ndege wanne, na kila mmoja anaenea kwenye kiganja. Akapima, akanitazama, akapima tena, kwa sababu banda lilikuwa kubwa kuliko chumba alichopanga yeye na mkewe. Nilipomwomba aweke milango miwili, wa nje na wa ndani, ili ndege wasinitoroke nikiingia, alikataa katakata. Alisema amejengea watu nyumba zisizo na sebule, hawezi kuwajengea ndege sebule. Basi mlango ukawa mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mchele. Sisi watu wa Morogoro tunazungukwa na mchele, Dakawa ipo pale, chenga zinauzwa kila kona, na mtu wa hapa akiona kiumbe mwenye mabawa mkono unakwenda wenyewe kwenye debe la chenga. Nikawamwagia chenga safi, nilizozipeta mwenyewe. Wakazitazama. Nikabadilisha nikawaletea zile zinazonukia, nikidhani wanaringa. Wakazitazama tena. Siku ya pili niliwagombeza kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwa darasa la tano. Siku ya tatu jozi moja ilikuwa sakafuni, miguu juu. Niliona aibu siku ile, na nikikumbuka bado naiona.

Mama alikuwa akiishi nami tangu magoti yake yalipokataa kupanda vilima vya kwetu Kinole. Alikuwa na miaka themanini na kitu, na hicho kitu hakuwahi kukitaja. Alitoka nje na fimbo yake, akawatazama marehemu wawili, akanitazama na mimi.

"Umewaua kwa wali," akasema. "Ndege huyu kule kwetu yuko kwenye mapapai na kwenye viwavi. Wewe ulimwona wapi amekaa anakula wali? Hata mimi wali nilikuwa nauona sikukuu tu."

"Sikujua, mama."

"Na watoto wa watu uliwafundisha nini miaka yote hiyo?"

Kuanzia hapo banda likawa lake. Papai na ndizi mbivu nilikata mimi, lakini nyama alishika yeye. Nyama ni mchwa. Alifanya vile wanavyofanya wanawake wa milimani wakitaka kulisha vifaranga vya kuku: alichukua chungu kikuukuu, akakijaza magunzi ya mahindi yaliyoloana na samadi kavu ya ng'ombe, akakifunika kifudifudi juu ya tundu la mchwa. Asubuhi akikifunua, mchwa wamejaa humo, weupe, laini, wanahangaika. Alikuwa na vyungu vinne uani na kila kimoja kilikuwa na zamu yake. Nilitakiwa kumshikia sahani na kufunga mdomo.

Halafu akapiga marufuku kufagia utando wa buibui, kwa sababu ndege miwani hushonea kiota chake kwa utando. Nyumba yangu, nyumba ya mwalimu, ikaning'inia utando kila pembe. Wageni wakawa wanakaa ukingoni mwa kochi. Nilijaribu mara moja kufagia sebuleni tu, mahali pa heshima, na mama akaninunia kuanzia Adhuhuri hadi Isha.

Pamoja na hayo yote, miaka mitano ilipita bila mtoto hata mmoja. Mwaka mmoja walijenga kiota kizuri, wakakiacha. Mwaka mwingine walitaga matatu na siafu wakaingia, wakasafisha kila kitu. Mwaka uliofuata jike alitaga mawili, akayatupa nje yeye mwenyewe, kwa sababu zake. Mimi ni mtu wa hasira, nilitaka kuwafungulia waende zao. Mama hakutaka kusikia. Kwa majirani alikuwa ameshatangaza kwamba ndege wake watazaa, na alikuwa si mtu wa kutangaza jambo likashindikana akanyamaza.

"Na sitaki kuletewa habari za kuanguliwa," alikuwa akisema. "Hata kenge huanguliwa. Nataka nimwone mtoto anaruka mwenyewe, kutoka kiotani hadi ukutani, humu humu bandani kwangu. Nikishaona hivyo nitajua tumefuga."

Basi mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, jike alitaga mayai mawili ya rangi ya samawati iliyopauka kwenye kiota kidogo ndani ya mndimu. Mama aliacha kuongea kwa sauti uani. Jumapili moja asubuhi yakaanguliwa. Nilifunga kioo cha kujitazamia kwenye ufito, nikakinyoosha juu ya kiota, nikamwonyesha: makinda wawili wekundu, vipofu, bila unyoya, midomo wazi.

"Wabaya hawa," mama akasema, amefurahi mpaka fimbo inatetemeka. "Wabaya kama wewe ulivyozaliwa."

Jumanne asubuhi nilimpelekea chai ya tangawizi chumbani, nikamkuta amelala ubavu, amekwisha kuondoka. Hakuugua, hakuita mtu. Nilikaa pembeni ya kitanda, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikainywa ile chai yote. Kisha nikaenda kuwapa ndege papai, nikarudi, nikaanza kupiga simu.

Alizikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Sikulia. Ndugu zangu walilia mpaka nikawaonea wivu, mimi nilikuwa mkavu, natazama watu walivyovaa. Mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, alishuka kutoka Kinole akashika usukani wa msiba. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Aliniweka kwenye mkeka sebuleni, chini ya ule utando wa buibui, akasema mfiwa hafanyi kazi, mfiwa anakaa apewe pole.

Tatizo ni kwamba makinda wa siku mbili hawajui habari za msiba. Wazazi wao wanawalisha kila baada ya dakika chache, na mtu lazima aweke mchwa sahanini tangu kunapambazuka. Kwa hiyo nikawa naomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku ile ya kwanza nilikwenda chooni mara kumi na moja, kila mara nikipitia kwenye vyungu. Jioni mama mdogo aliniletea maji ya mchele yenye chumvi akaniambia ninywe taratibu, tumbo litatulia.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda kwenye chungu cha kwanza nikakuta hakipo. Cha pili hakipo. Nikazunguka uani nimejifunga kanga ya msiba, nikawakuta wanawake wa kupika. Walikuwa wameona vyungu vimelala kifudifudi, wakavichukua, wakavisugua kwa majivu vikang'aa. Kimoja kilikuwa jikoni tayari na mchuzi wa nyama ya ng'ombe unachemka. Vitatu vilikuwa juani vinakauka. Walikuwa wameona na uchafu ndani, wakashangaa marehemu, mtu msafi vile, kuacha vyungu katika hali ile.

Niliwashukuru. Nikarudi kwenye mkeka nikifikiria kwamba kuna mchwa wa leo tu, wale waliobaki sahanini, na kesho Mungu anajua. Mchuzi, kwa kweli, ulikuwa mtamu.

Hapo ndipo aliporudi mtani. Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana kazi yake: kuwatania wafiwa, kumwigiza marehemu, kuchukua vitu na kuvishikilia hadi apewe chochote, ili watu wacheke na huzuni ipungue makali. Na sheria yake ni moja. Mtani hakasirikiwi. Afanye atakalofanya, ukimkasirikia unatozwa faini, na aibu inakuwa ya ukoo mzima. Huyu wetu anakata tiketi za mabasi pale Msamvu, ana umri kama wangu, na koo lake limezoea kushindana na honi. Siku ya mazishi alilizuia jeneza getini akidai marehemu hajamuaga, mpaka akapewa kuku jike.

Siku ya pili alitoka chumbani kwa mama amevaa kanga za mama, miwani ya mama puani, ameinama juu ya fimbo ya mama, anaburuta mguu wa kulia kama yeye. Sebule ikaangua kicheko. Nasema kweli, alikuwa amempata. Wazee wazima walimwamkia shikamoo na akawaitikia marahaba moja moja, kwa ile sauti ya mama ya puani, kama anakusamehe jambo. Akamwambia shehe mmoja kwamba amenenepa tangu aanze kusoma hitima za watu. Akaniangalia mimi akaguna.

"Huyu naye analia lini? Au anasubiri kibali chenye mihuri mitatu?"

Mama mdogo alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Nilicheka na mimi. Nilikuwa sijacheka tangu Jumanne, na mbavu ziliniuma.

Akatoka nje, watu nyuma yake. Akafika kwenye banda, akasimama, akapiga fimbo chini.

"Wajukuu zangu hawa mbona hawakuja kunizika? Nani amewafungia? Tokeni, mkaone kaburi la bibi yenu!"

Akafungua mlango, wazi kabisa, akajitenga pembeni kwa heshima, kama anavyofungulia abiria mlango wa basi. Dume akatoka. Nilimjua ni dume kwa sababu ndiye aliyekuwa akiimba. Alipita juu ya mpera, juu ya bati la jirani, akapotea upande wa mlimani. Mtu mmoja akawahi kusukuma mlango ukafungika, jike akabaki ndani. Watu wakapiga makofi.

Nikacheka. Meno yote nje, moyoni namtukana yeye, ukoo wake na mabasi yote anayoyapakia. Nikarudi kwenye mkeka kupokea pole.

Sasa nieleze hali ilivyokuwa. Ndani ya banda kulikuwa na makinda wawili wa siku tatu, uchi, wasioweza hata kufumbua macho vizuri. Wanahitaji wazazi wawili na mchwa wengi. Walikuwa na mzazi mmoja na mchwa waliobaki sahanini, na vyungu vyangu vilikuwa vinapika. Kufikia Adhuhuri sahani ilikuwa tupu. Nilipokwenda tena chooni niliwaangalia kwa kile kioo. Mmoja bado alikuwa akiinua kichwa. Wa pili alikuwa amekiegesha kwenye ukingo wa kiota.

Saa saba mchana, pilau likiwa linazungushwa, tukasikia mlio uani. Dume alikuwa amerudi. Alikuwa amening'inia kwenye waya kwa nje, mdomoni ana kiwavi cha kijani kirefu kuliko kichwa chake. Akahamia upande wa pili, akajaribu tundu moja, akajaribu lingine. Jike ndani akawa anamfuata, yeye huku, mwenzake kule, waya katikati. Mzee mmoja akaacha kula, akasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni roho ya marehemu imekuja kuaga. Nilitaka kumwambia mama hajawahi kula kiwavi maisha yake yote. Alikuwa baba mwenye watoto, basi.

Niliinuka kwenye mkeka bila kuomba ruhusa ya choo. Nilipofika kwenye banda mtani alikuwa pale, bado na kanga zake, miwani ameivua. Akaongea kwa sauti yake halisi, ya chini, ambayo sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuisikia.

"Mtani, ukifungua na jike atatoka."

Hapo nikalipuka. "Leo ndiyo unajua mlango unatoa ndege? Mama yangu amekaa miaka mitano anasubiri hawa watoto waruke! Miaka mitano! Umekuja na matako yako kutoka Msamvu, asubuhi moja, umewaua! Umewaua ndege wa mama yangu!"

Vijiko vilisimama. Nilisikia mchuzi ukichemka jikoni. Mama mdogo akaja hadi barazani.

"Umemkasirikia mtani," akasema. "Jogoo mmoja."

"Andika hata wawili," nikamjibu, na hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu yeye ni mama yangu mdogo.

Niligeukia mlango. Nikiuacha umefungwa, ningebaki na jike na makinda wawili waliokufa kabla ya Alasiri. Nikiufungua, jike anaweza kwenda na asirudi, na hapo sina chochote, miaka mitano yote imekwenda na upepo wa mlango. Niliufungua, nikaufunga kwenye nguzo kwa kamba ya katani ili usijirudie, nikarudi nyuma hatua kumi.

Dume akatua juu ya mlango. Akaangalia huku, akaangalia kule, akaingia moja kwa moja hadi kiotani. Nilisikia makinda wakilia, sauti nyembamba sana, zilikuwa mbili. Halafu jike akatoka. Alipita njia ile ile ya mumewe, juu ya mpera, juu ya bati, kimya. Nikasema basi, kwisha. Mama mdogo akanishika mkono, nikaona anautazama ule mpera kwa macho ya mtu anayeudai. Tulisimama watu kama arobaini na sahani mikononi. Kisha jike akarudi, mdomoni ana buibui.

Bibi mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele msibani! Mama mdogo akamgeukia kwa ukali, akafungua mdomo kumkaripia, na kilichotoka kilikuwa kigelegele chake mwenyewe.

Watu walipoondoka siku ya tatu nilibaki na nyumba tupu na mlango wazi. Nikajipangia utaratibu. Alfajiri nafungua, mchana kutwa nakaa kwenye kiti mbele ya banda na fagio la chelewa kwa ajili ya paka wa jirani, Magharibi nikiona wazazi wamerudi wote nafunga. Paka tulielewana siku ya kwanza.

Mtani akaanza kuja. Kila asubuhi, kabla hajaenda stendi, anasimama getini na kutangaza mtaa mzima usikie: "Nimekuja kuchukua jogoo wangu!" Mkononi ana kopo la maziwa ya unga, ndani limejaa mchwa. Analiweka chini, anasema atarudi kesho kwa kuwa anaona jogoo hayuko tayari, anaondoka. Hakuniomba msamaha, mtani haombi msamaha. Mimi pia sikumwomba. Baadaye nilisikia kutoka kwa mtu aliyekwenda kukata tiketi ya Dumila kwamba nyuma ya kibanda cha tiketi kuna vyungu vimefunikwa chini na harufu ya samadi, na abiria wanalalamika.

Makinda wakaota manyoya. Wakafumbua macho. Siku ya tisa tangu waanguliwe walikuwa wamebanana kiotani, kila mmoja na duara jeupe limeanza kuonekana kuzunguka jicho. Siku ya kumi, Magharibi, wote wanne walikuwa ndani. Nilishika komeo nikasimama nalo muda mrefu. Mchwa sasa walikuwepo. Ningefunga tu nisifungue tena, na ningekuwa na kile nilichokitafuta kwa miaka mitano: ndege waliozaliwa kwangu, wangu kabisa, wa kuwaonyesha wale wanaoniuliza habari za ukubwa wa mayai. Nililala nikiwa nimeshaamua hivyo.

Alfajiri nilikwenda nikakuta dume amekaa mlangoni, kwa ndani, ananisubiri. Nikamfungulia. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mimi nilishazoea kumfungulia.

Kiasi cha saa mbili kinda mmoja alipanda juu ya ukingo wa kiota. Mtani alikuwa ameshafika na kopo lake, na kwa mara ya kwanza hakutangaza chochote, labda kwa kuwa nilimwonyesha kidole mdomoni bila kugeuka. Akakaa kwenye kigoda nyuma yangu. Kinda akatikisa mabawa, akajikunyata, akatikisa tena. Wazazi walikuwa nje kwenye mpera wanamwita. Alijirusha. Alianguka zaidi kuliko kuruka, akavuka banda upande upande, akagonga waya, akashikilia, akabaki pale ananing'inia, kifua kinapanda na kushuka. Kutoka kiotani hadi ukutani, mwenyewe.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, njoo uone! Ameruka!"

Ilitoka kabla sijafikiri. Nilikuwa nimeshageuza shingo kuelekea dirisha la chumba chake. Pazia lilikuwa limefungwa, nilikuwa nimelifunga mwenyewe wiki ile baada ya kugawa nguo zake.

Nyuma yangu, kwenye kigoda, sauti ya mama ikanijibu.

"Nimemwona, mwanangu. Kapinda kidogo, lakini karuka."

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga nikalia, kilio chote nilichokuwa sijalia tangu Jumanne ile, kwa sauti, kamasi zinatoka, mimi mwalimu mstaafu. Kinda akaona mlango, akatoka. Wa pili akamfuata muda si mrefu. Walikaa kidogo kwenye mpera, wanne, kisha wakahamia mti wa jirani, na baada ya hapo sikuwaona tena kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Mtani hakusogea wala hakunigusa. Alishika kopo lake la mchwa kwa mikono miwili, naye uso wake haukuwa mkavu.

Nilipoweza kuongea nilimwambia asithubutu kuitumia tena sauti ile mbele yangu, maisha yake yote. Akasema sawa, mtani, nimekoma.

Tukakaa. Banda lilikuwa kimya kabisa.

Halafu nikamwomba arudie, mara moja tu.